Kabla ya make: kagua kwanza mashine yako ina nini

Haya wakuu, leo kwenye Linux tunakompaili programu kutoka soso kodi, yaani tunageuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa programu inayoendeshwa, ila make, amri inayofanya kazi hiyo yenyewe, hatuigusi mpaka mwisho kabisa, kazi ya leo ni kuangalia mashine ina nini na imekosa nini. Mimi kwa kweli hii sehemu naipenda kuliko kukompaili kwenyewe, maana kukompaili ni kukaa tu unaangalia maandishi yanapita. Soso kodi nimeshashusha, nimeifungua, niko ndani ya folda yake, hayo mnayajua siyarudii. Hebu niongeze ukubwa wa maandishi kidogo... yanasomeka? Poa.

Tunaanza na programu zenyewe. Andika command -v gcc halafu enter, gcc ndiyo kompaila yenyewe. Inakupa /usr/bin/gcc, basi ipo. Ikinyamaza kimya, haipo. Fanya hivyohivyo kwa make na pkg-config, ile inayokutajia habari za laibrari, twende. Najua wengi mmezoea which, sitagombana na mtu, ila which ni programu ya pembeni na kuna mashine hata haijawekwa, wakati command -v imo ndani ya sheli yenyewe, ile programu inayopokea amri zako, na iko kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix. Na kuwepo peke yake hakutoshi, piga gcc --version ulinganishe na kilichoandikwa kwenye faili la INSTALL au README. Ndiyo, lisome, halikuumi.

Sasa laibrari, yaani kodi iliyoandikwa tayari ambayo programu nyingine zinaitumia, hapa ndipo penye utamu. Hii programu inataka zlib ya kubana data na libpng ya picha za PNG. Naandika pkg-config --modversion zlib... 1.3, safi. Sasa libpng... eeh, oneni hiyo. Inasema haijaiona libpng kwenye njia inazotafuta.

Ngoja, usikimbilie kuinstoli chochote. Hii mashine picha za PNG inafungua kila siku, sasa inafungua na nini? Naandika ldconfig -p | grep png, hii inaorodhesha laibrari ambazo mfumo unazijua, nakuza hapa mwone vizuri: libpng16.so.16, mshale, /lib/x86_64-linux-gnu/libpng16.so.16. Si hiyo hapo! Sasa nani mwongo kati yao? Hakuna. Angalia hiyo 16 baada ya .so, hilo ni faili la kuendeshea programu ambazo zimeshakompailiwa tayari. Wewe unayekompaili unahitaji vitu vingine vitatu: heda, yaani png.h, faili linaloieleza kompaila laibrari ina nini, halafu kile kiungo kinachoishia .so tupu bila namba ambacho linka, ile inayounganisha programu na laibrari, ndiyo inakitafuta, halafu kafaili kadogo libpng.pc ambako pkg-config inasoma habari zake zote. Kwenye Debian na Ubuntu hivi vinakaa kwenye pakiti ya peke yake inayoishia -dev, Fedora inaishia -devel. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona laibrari ninayo", muulize anayo ya kuendeshea au ya kukompailia.

Jina la pakiti usibahatishe. Kwenye Debian na Ubuntu apt-file search libpng.pc inakutajia pakiti yenye hilo faili, ila iwe umeshapiga apt-file update. Fedora wamerahisisha zaidi, unaandika dnf install 'pkgconfig(libpng)' na inajitafutia yenyewe, hii naipenda sana, weka hizo alama za nukuu lakini, la sivyo sheli itakasirikia mabano. Mimi hapa naweka libpng-dev... inashuka... tayari. Narudia modversion, namba hiyo imetoka.

Hebu tulifungue hilo faili la .pc kwa cat. Ni maandishi matupu, hakuna uchawi: prefix, Version, Libs, Cflags. Unapoandika pkg-config --cflags --libs libpng inakusomea hayohayo, -I/usr/include/libpng16 na -lpng16. Basi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kama laibrari umeikompaili mwenyewe ukaiweka sehemu yako, tuseme $HOME/opt, pkg-config haiwezi kujua mpaka uielekeze, unaandika export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/opt/lib/pkgconfig. Ni FOLDA. Usiweke libpng.pc mwishoni, ni folda yenye hilo faili, siyo faili lenyewe. Na angalia kwanza kwa ls, maana mashine nyingine ni lib64 siyo lib. Nasisitiza kwa sababu ukikosea hapa hakuna atakayekwambia, pkg-config ikipewa folda ambayo haipo inapita tu kimya kimya, halafu inakuchukulia ile ya zamani ya mfumo na wewe unafurahi imepatikana. Kwa hiyo kila ukishaweka, hakikisha na pkg-config --variable=pcfiledir libpng, inakutajia imeitoa folda gani. Folda, siyo faili. Tumeelewana? Tunaendelea.

Sasa ./configure, skripti ya soso kodi inayokagua mashine kabla ya make. Haya, maandishi ndiyo hayo. Hii mambo ya Autoconf, chombo kinachotengeneza skripti hizo, ipo tangu 1991 na ujanja wake ni rahisi, kwa vitu vingi inaandika kaprogramu kadogo kanaitwa conftest.c, inajaribu kukakompaili, ikikubali inaandika yes, ikigoma no. Kwa hiyo ile no siyo lazima kitu hakipo, inawezekana jaribio limegoma kwa sababu nyingine kabisa. Sababu iko kwenye config.log. Usikimbilie chini ya faili, chini kumejaa orodha ya vigezo tu, fungua na less, tafuta jina la kilichokosekana, /png, halafu soma jibu la kompaila hapo chini yake. "Cannot find -lpng" na "png.h: No such file" ni magonjwa mawili tofauti.

Wa CMake nanyi, mnaotumia hiyo badala ya ./configure, haraka haraka: faili lake la CMakeCache.txt linakumbuka. Ikishaokota njia ya laibrari ya zamani itabaki nayo hata uweke mpya, futa hilo faili, au kuanzia CMake 3.24 tumia cmake --fresh.

Imemaliza... hapana hapana, usiandike make bado, panda juu kidogo kwenye muhtasari. PNG support: no. Unaona? Laibrari ipo, erori hakuna, na imeiacha, kwa sababu kwenye hii programu PNG ni hiari na mpaka uiombe. Piga ./configure --help | grep png, hiyo hapo, --with-png. Narudia na hiyo. Uzuri mwingine ukiomba hivi, skripti iliyoandikwa vizuri ikikosa itasimama na kelele badala ya kuruka kimya. Sasa yes.

make -j$(nproc), yaani itumie kori zote za mashine, nakata video hapa... tumerudi. Cha mwisho, ldd, inayoonyesha programu inatumia laibrari zipi, kwenye programu iliyotoka, grep png, libpng16.so.16 na njia yake. Ingekuwa "not found" na laibrari iko /usr/local/lib, jaribu sudo ldconfig halafu piga ldd tena.