Hesabu Zipo, Njia Ndiyo Iliyokatika

Ndugu wahasibu, mafundi wa kompyuta na wafanyabiashara mliofika hapa Dodoma, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu wakati tarehe 20, siku ya kuwasilisha ritani za VAT, inakaribia. Nimeitaja tarehe hiyo kwa makusudi, kwa kuwa ofisi nyingi huniita siku chache kabla yake, programu ya uhasibu ikiwa imekataa kufunguka na kutoa ujumbe kwamba njia ya folda ya data, yaani anwani inayoonesha folda hiyo ilipo, si sahihi.

Programu kama Tally, inapotumiwa na watu kadhaa katika ofisi moja, huweza kuwekewa vitabu vya kampuni katika folda moja iliyo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, na kompyuta ya kila mhasibu ikaifikia folda hiyo kupitia mtandao wa ofisi. Kompyuta ya mhasibu hapo haina vitabu. Ina anwani tu, ambayo katika Tally huandikwa ndani ya faili la tally.ini. Anwani isipofikisha, programu hulalamika kuhusu njia, na malalamiko hayo peke yake hayathibitishi kwamba hata stakabadhi moja imefutika.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya jambo nililolishuhudia katika ghala moja la mahindi Kibaigwa. Karani alifika asubuhi akakuta kampuni, yaani seti ya vitabu vyake ndani ya programu, haionekani, akashauriwa afungue kampuni mpya kwa jina lile lile, na programu ikamkubalia, ikaihifadhi kwenye diski ya kompyuta yake mwenyewe. Kwa siku tatu aliingiza mauzo humo, huku mwenzake wa chumba cha pili akiendelea na vitabu halisi vilivyo kwenye seva. Kurekebisha njia kulikuwa kazi ya dakika chache, lakini kuoanisha stakabadhi za siku tatu kulitukesha. Ndiyo maana nawaomba sana: msifungue kampuni mpya, wala msirejeshe nakala rudufu ya zamani, kabla hamjaiona folda halisi kwa macho yenu pale kwenye seva. Katika Tally mtaitambua kwa jina lake la tarakimu, mfano 10000, na njia inatakiwa kuishia kwenye folda iliyoibeba hiyo 10000, isiingie ndani yake.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi ni herufi ya diski. Fundi huiunganisha folda ya seva kama diski Z, kisha akaiandika Z kwenye programu na kuondoka. Katika Windows, herufi hiyo ni ya mtumiaji aliyeunganishiwa. Akiingia mwingine kwa jina lake, Z haipo. Hata mtumiaji huyo huyo akiiendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi (Run as administrator), kwa kawaida Windows haiipatii programu ile Z iliyounganishwa kwa mamlaka ya kawaida, na hapo ndipo mhasibu anapobishana na fundi, kwa maana yeye anaiona diski wazi kabisa ilhali programu inaikana. Andikeni njia kamili yenye jina la seva, kwa mfano \\SEVA\Data, na ugomvi huo utaisha.

Wapo wanaoandika namba ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, badala ya jina. Hilo halina ubaya iwapo seva imepewa namba ya kudumu. Lakini ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi, ikiachwa igawe namba yenyewe, umeme ukikatika na kurudi seva inaweza kuamka na namba nyingine. Umeme ukirudi, washeni seva kwanza, muisubiri ikamilike, ndipo muwashe kompyuta nyingine.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Kwenye kompyuta ya mhasibu bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, kisha muandike njia ile. Folda isipofunguka, mara nyingi tatizo liko kwenye mtandao, au Windows imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa umma na kuzuia ushirikishaji wa mafaili. Ikifunguka, tengenezeni humo faili tupu la maandishi, kisha mlifute. Mkikataliwa, ni suala la ruhusa, na hapa mafundi wengi hukosea: kuna ruhusa za kushirikisha folda na ruhusa za mafaili yenyewe, na iliyo finyu zaidi ndiyo inayotawala, kwa hiyo kufungua moja na kuisahau nyingine hakusaidii. Mhasibu lazima aweze kuandika. Lakini kumfungulia kila mtu kwenye mtandao, wakiwemo wageni wanaotumia Wi-Fi, ni kuanika hesabu za mwenye biashara. Faili hilo likikubali, basi rekebisheni anwani ndani ya programu, baada ya kunakili folda yote ya data mahali pengine, watumiaji wote wakiwa wametoka.

Sasa namwomba mmoja wenu asogee kwenye kompyuta hii ya mbele. Nimeiharibu njia yake kwa makusudi, naye atuoneshe angeanzia wapi.