Binti wa kwenye riwaya naye ni mtu

Nimeshalisema hili kwenye kumbi nyingi na leo nalirudia kwenu waandishi, mnivumilie. Swali la fasihi mashuleni kwetu tunalijua, nafasi ya mwanamke, na majibu wanafunzi wanayo kichwani kabla hawajafungua kitabu: chombo cha starehe, mlezi wa familia, mtu asiye na maamuzi. Basi.

Kuna mwaka nilikuwa na binti wa kidato cha tatu, daftari safi, pointi kazipigia mstari kwa wino mwekundu, tunasoma riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika. Nikamuuliza, mwanangu, huyu Rosa alikuwa anaogopa nini? Akafunua daftari mbele, akafunua nyuma, akasema mwalimu, hiyo hatujaandika. Jamani, hatujaandika! Na Kezilahabi kaandika, kitabu kimetoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kusomwa, na Zakaria, baba yake Rosa, yumo humo wazi kabisa, mlevi, anampiga binti yake kwa barua ya mvulana mpaka binti anaogopa wanaume wote, akitoka tu machoni pa baba hana ndiyo wala hapana ya kwake mwenyewe. Sisi tunafundisha Rosa malaya. Zakaria tunampa pointi moja, malezi mabaya, tunasonga mbele.

Najua kuna atakayeniambia mabinti wanapata mimba kweli, sasa mwandishi afiche? Asifiche! Nimefundisha madarasa ambayo dawati limebaki wazi katikati ya muhula na wote tunajua kwa nini. Ila angalieni hivi vitabu vya vijana, mvulana akipotea anavuta bangi, anafukuzwa shule, sura ya mwisho karudi nyumbani anachinjiwa mbuzi, msichana akiteleza mara moja tu anakufa, kwa kutoa mimba, kwa ukimwi, au anajiua kama Rosa. Nyie mnaoandika, mwacheni aishi! Azae, arudi darasani, Tanzania wameruhusiwa kurudi tangu Novemba 2021, na hiyo asubuhi ya kumwacha mtoto kwa bibi, halafu saa nne maziwa yanalowesha sare katikati ya hesabu, hiyo ndiyo riwaya ninayoisubiri.

Kwenye mazungumzo ya wahusika vitabuni nilikuwa na mengi, naona napungiwa mkono muda umeisha, niseme moja tu, msichana wa miaka 16 wa Mwanza haongei kama mgeni rasmi, pandeni daladala mkamsikilize.