Mifuko Tisa ya Saruji, Basi

Ndugu mafundi, na ninyi wapenzi wa magari ya kale, jambo hili nimekwisha kulisema hapa Bukavu mpaka nimewachosha watu, lakini nitalisema tena: kamyoneti ya nusu tani hubeba nusu tani. Chevrolet 3100, iliyotoka mwaka 1947, ilipewa daraja hilo kwa tani ya Kimarekani, yenye ratili 2,000. Nusu yake haifiki hata zile kilo 500 tulizozizoea, bali ni kilo 453, yaani mifuko tisa ya saruji.

Najua mtakavyonijibu: bati lake ni nene, na springi zake zimekwisha kubeba mifuko ishirini bila kukatika. Sawa, hazikukatika, lakini je, springi ndizo zitakazolisimamisha gari kwenye mteremko wa Ngomo, njia ya Uvira? Magurudumu yote manne yana breki za ngoma, na ngoma ikipata moto hupanuka na kujitenga na viatu vinavyoisugua kwa ndani, pedali ikazidi kuzama chini ya mguu hadi kugusa sakafu. Isitoshe, silinda kuu ina njia moja tu ya kupeleka mafuta ya breki, hivyo bomba moja likipasuka, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Kamyoneti za Chevrolet zilipata njia mbili mwaka 1967. Ndiyo maana dereva mwenye akili huiachia injini kazi ya kulizuia gari: huingiza gia ya kwanza kule juu, gari likiwa limesimama, kwa kuwa gia hiyo haina sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na ukiitafuta gari likiwa limeshika kasi utasikia meno yakisagana tu.

Kila mara huwapo anayeuliza kwa nini tusifunge injini ya Toyota. Funga, ndugu yangu. Utafika bondeni mapema zaidi.

Kuhusu injini yenyewe, muda umetuishia: silinda sita za mstari, lita 3.5, nguvu za farasi 90 mwanzoni, umeme wa volti 6, na vijiko vidogo chini ya fimbo za pistoni vinavyoteka oili kwa ajili ya beringi zake. Pampu ya kuisukuma oili hadi kwenye beringi hizo ilikuja mwaka 1954, pamoja na injini ya lita 3.9. Sakafu ya mbao ya kubebea mizigo tutaizungumza siku nyingine. Anayetaka kuona silinda kuu ya breki iliyofunguliwa, ipo hapa mezani, ila mwenye shati jeupe asiiguse.