Faida ya Falsafa Imo Katika Daftari la Nani?

Nashukuru kwa kunikaribisha. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakakoanzia. Wanivumilie, maana kozi za falsafa bado zinafutwa vyuoni.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Bodi ya chuo inaletewa jedwali: waliodahiliwa, ada iliyoingia, mishahara iliyotoka. Mstari wa falsafa ni mfupi, basi unapigwa kalamu. Wala ubora hauokoi. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Middlesex, London, kilitangaza kufunga kozi zake za falsafa, ilhali katika tathmini ya utafiti ya mwaka 2008 somo hilo ndilo lililoongoza chuoni hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Claude Shannon alisomea uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akahitimu mwaka 1936. Akiwa huko alichukua kozi ya falsafa, na humo ndimo alimokutana na mantiki ya George Boole, Mwingereza aliyekwisha kuonyesha katika karne ya 19 kwamba kweli na uongo vinaweza kukokotolewa kama namba. Mwaka uliofuata, kijana wa miaka 21, yuko MIT, chuo cha teknolojia huko huko Marekani, akishughulika na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, za mashine kubwa ya kukokotoa. Hapo yale ya darasani yakamrudia. Chukua swichi mbili, zifuatanishe kwenye waya mmoja: taa haiwaki mpaka uwashe zote mbili. Hiyo ni "na". Sasa zipange sambamba, kila moja na njia yake: washa yoyote, taa inawaka. Hiyo ni "au". Basi! Kanuni za fikra zimeingia kwenye waya. Aliyaandika hayo katika tasnifu ya uzamili mwaka 1937, na simu mlizonazo mifukoni zinafanya kazi kwa msingi huo huo.

Nauliza: faida ya kozi ile iliandikwa katika daftari la nani? La uhandisi, la viwanda, la dunia nzima. La idara ya falsafa halikuandikwa kitu.

Najua kuna atakayesema, basi wahandisi wafundishwe mantiki kidogo huko huko kwao, idara ya nini? Jamani! Mwaka 1936 nani angejua kwamba mhandisi anaihitaji mantiki hiyo? Ilifundishwa kwa sababu kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuuliza hoja inasimama vipi, hata pale ambapo hakuna mteja.

Niliwahi kuketi katika kikao cha kupunguza kozi. Ikasemwa, isiyo na faida iondoke. Nikauliza: faida kwa nani, na ndani ya miaka mingapi? Nikajibiwa kwamba hilo si swali la kikao hicho. Sasa ni swali la kikao gani? Wamekwisha kulijibu kimyakimya, na walioajiriwa kulichunguza ndio wanaoachishwa kazi.

Nilitaka pia kugusa maadili ya udaktari, na huu mtindo wa kuunganisha idara tano chini ya jina moja. Muda hauruhusu. Ila jedwali likiletwa tena, daini liongezwe safu moja: wanafunzi wa idara nyingine wanaosoma kozi za falsafa. Katika majedwali niliyoyaona mimi, Shannon angehesabiwa mhandisi tu.

Haya, maswali.