Usimwambie "wacha wasiwasi"

Assalam aleikum jamani, sogeeni mbele viti viko. Mada ni ile ile, wahka, yaani ule wasiwasi usiomtoka mtu, nshaisema mpaka wengine mwaijua kwa moyo, lakini maadam bado kuna watu wamwambia mgonjwa "wacha wasiwasi" basi nami sitawacha kuisema.

Kuna kijana wa tuktuk, simtaji, alikuja kwangu nikamtilia chai na mahamri kwa mbaazi. Akala matonge mawili, akaweka hamri chini, akashika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, midomo yatembea pole pole, yuwahesabu mapigo. Akamaliza akala, dakika haijaisha ameliweka tena. Miezi minane hiyo! Presha ameshapima, moyo ameshapigwa kipimo cha waya mara tatu, kote aambiwa huna kitu rudi nyumbani. Saa tisa usiku macho kodo, asikiza moyo wake kama mtu asikizae mwizi darini. Mamake asema ni jini, kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya dua, ameshanyweshwa, mjombake asema imani haba.

Hapo kwa imani hebu tusimame, maana najua kuna mzee hapo nyuma ataka kuniuliza. Mie nasali kama wewe, dua siikatai. Lakini mtu akivunjika mguu twamuombea NA twampeleka akafungwe plasta, sivyo? Kwani ubongo si kiungo?

Ndani ya ubongo mna kijipande kama punje ya lozi, chaitwa amigdala, kazi yake kupiga kengele ya hatari. Ikilia, tezi zilizo juu ya figo zamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, moyo mbio, tumbo lakaza. Matatu imekukosa kosa pale Buxton, Mombasa, watetemeka, baadaye kengele yanyamaza, hiyo haina neno. Balaa ni kengele isiyonyamaza. Mwaka 1968 mtafiti wa ubongo Bruce McEwen na wenzake waligundua kwa panya kwamba homoni za aina ya kotisoli zafika mpaka hipokampasi, pahali pa kumbukumbu. Baadaye ikaonekana panya wakisongwa wiki kadhaa, vitawi vya seli za hapo vyasinyaa, na vya ubongo wa mbele pia, ule wa kutuliza kengele, ilhali vya amigdala vyazidi kuota. Sasa wewe ukimwambia "tuliza akili", wamuagiza akimbie kwa ule mguu uliovunjika!

Na panya hao wakipumzishwa, vitawi vya hipokampasi na vya ubongo wa mbele vyarudi. Hilo lishikeni sana. Yule kijana tulianza na jambo dogo tu, akitaka kuhesabu mapigo angoje dakika mbili, kisha tano, kisha kumi, kazi ngumu kuliko mnavyodhani, alikuwa akitoka jasho. Juzi amekula hamri zima.

Dawa zipo pia, huchukua wiki kadhaa kushika, usiziwache siku ya tatu ukasema hazifai. Muguka, yale majani ya kutafuna, nilitaka kuusema, na kahawa za usiku, na usingizi, wakati umeniishia, ila mwenye wahka asiutafute muguka wala kahawa hizo. Aliye na jamaa wa namna hii asiondoke, aje hapa mbele.