Betty: Ndege ya Masafa Marefu Iliyowaka Kama Kiberiti

SALIM: Karibuni wasikilizaji. Leo tunayo Mitsubishi G4M, ndege ya mabomu ya injini mbili ya jeshi la wanamaji la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wamarekani waliipa jina la Betty, maana ndege za mabomu za Wajapani walizipa majina ya kike.

MWANAIDI: Na nikuwahi mapema, Salim, maana najua unaipenda ndege hii kupita kiasi.

SALIM: Naipenda, sikatai! Iliruka mara ya kwanza Oktoba 1939, na zikaundwa zaidi ya 2,400. Lakini hebu tuanze na mhandisi wake, Kiro Honjo. Jeshi lilimtaka atengeneze ndege itakayobeba topido, yaani bomu la kupita majini, la kilo 800 na kwenda takriban kilomita 3,700. Kwa injini mbili.

MWANAIDI: Naye akawaambia haiwezekani.

SALIM: Aliwaambia wampe injini nne, ili abebe na kinga pia. Wakakataa. Basi masafa yale akayatafuta kwenye mabawa: aliyageuza kuwa matangi, karibu lita 5,000 za petroli. Hapana bati la chuma la kuwakinga marubani, wala matangi ya kujiziba yakitobolewa na risasi. Kila kilo aliyookoa iliingia kwenye safari.

MWANAIDI: Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema Honjo alibuni ndege mbovu. Fundi alipewa oda, akasema oda ina kasoro, akaambiwa fanya hivyo hivyo. Sasa lawama ni ya nani?

SALIM: Ila mwanzoni hakuna aliyelaumu. Tarehe 10 Desemba 1941, siku mbili tu baada ya vita kufika Malaya, manowari mbili za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, zilikuwa karibu na Kuantan bila ndege hata moja ya kuzilinda. Wajapani wakaruka kutoka viwanja vya upande wa Saigon. Nyingi zilikuwa G3M, dada yake mkubwa Betty, na Betty zenyewe zilikuwa 26, zote na topido.

MWANAIDI: Zinashuka chini chini juu ya maji...

SALIM: Kutoka pande mbili kwa mpigo, nahodha asijue ageuzie wapi. Repulse ilikwepa topido nyingi kweli kweli, mwisho ikazidiwa. Manowari zote mbili zikazama, mabaharia 840 wakafa, pamoja na mkuu wao, Admeri Tom Phillips. Wajapani walipoteza ndege 3 tu.

MWANAIDI: Na sisi wa Pwani kishindo kile kilitufikia. Aprili 1942 Wajapani walipopiga Colombo, Waingereza walihamishia kundi lao la manowari za Mashariki Kilindini. Shule ya Allidina Visram hapa Mombasa ikachukuliwa, wakakaa humo wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Wazee waliosoma pale baadaye hawakuwa na habari!

SALIM: Lakini wakati huo Betty alikuwa ameshaumbuka. Februari 20, 1942, Betty 17 zilitoka kituo cha Wajapani cha Rabaul, Pasifiki, kwenda kuipiga manowari ya Wamarekani ya kubebea ndege, Lexington. Hazikuwa na topido, hazikuwa na ndege za kuzisindikiza, maana huko kulikuwa mbali mno. Zilirudi 2.

MWANAIDI: Mbili kati ya kumi na saba, jamani.

SALIM: Na Agosti 8 mwaka huo huo, kule kisiwa cha Guadalcanal, zilikwenda 23 na topido, zikapotea 18. Risasi chache kwenye bawa, moto. Wamarekani wakaiita kiberiti cha kuwasha mara moja.

MWANAIDI: Kila moja na watu saba ndani. Marubani wa mwaka 1941 walikuwa na mafunzo ya miaka. Ukiwapoteza wale, kiwanda hakikutengenezei wengine.

SALIM: Halafu Aprili 18, 1943, Admeri Yamamoto mwenyewe, mkuu wa manowari za Japani, alipanda Betty kutoka Rabaul. Wamarekani walikuwa wameshaisoma ratiba yake, wakatuma ndege za kivita za P-38 kumvizia juu ya kisiwa cha Bougainville. Betty mbili, zote zikaangushwa. Yamamoto akafa. Mnadhimu wake mkuu, Ugaki, alikuwa kwenye ile ya pili, ikaangukia baharini, akapona.

MWANAIDI: Muundo wenye matangi ya kujiziba ulikuja baadaye, na uliundwa kwa uchache. Mwaka 1945 Wajapani wanaifunga Betty bomu la Ohka tumboni, lenye rubani ndani, zaidi ya tani mbili. Ndege iliyokuwa haijiwezi ikaongezwa mzigo!

SALIM: Machi 21, zilitoka 18. Zote 18 ziliangushwa kabla hazijafika.

MWANAIDI: Mimi nimpe Honjo haki yake. Agosti 19, 1945, Betty mbili zilipakwa rangi nyeupe na misalaba ya kijani, zikawapeleka wajumbe wa Japani kisiwani Ie Shima, wakiongozwa na Jenerali Kawabe. Kutoka hapo Wamarekani wakawachukua hadi Manila kupokea masharti ya kusalimu amri. Na wakati wa kurudi Tokyo, unajua kilichotokea?

SALIM: Petroli ilikwisha.

MWANAIDI: Ilikwisha! Rubani akatua ufukweni, karibu na mdomo wa mto Tenryu, usiku, nyaraka za kusalimu amri zikiwa ndani. Wajumbe wakapona, wakatafuta usafiri mwingine.