Mulondo unatafunwa, mbegu hazijapimwa

Ndugu zangu, mulondo, mmea wa dawa unaotafunwa mizizi, hapa Kampala hauhitaji kutambulishwa. Mizizi yake inauzwa barabarani kwa mafungu. Ukiikwaruza ganda inanukia vanila. Wengi huitafuna kuongeza nguvu za kiume, na wengine kwa sababu nyumbani mtoto hajapatikana. Hayo ni mambo mawili, tafadhali tuyatenganishe. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu tele na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Korodani hupokea amri kutoka tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni ya LH huziamuru zitengeneze testosteroni. Homoni nyingine, FSH, husaidia kukuza mbegu. Ukidungwa testosteroni, ubongo huona imeshatosha, hupunguza amri zote mbili, na mbegu hupungua. Kwa hiyo homoni nyingi si uzazi mwingi.

Sasa mulondo wenyewe. Watafiti wa Kameruni waliwapa panya madume dawa ya mizizi iliyotolewa kwa maji, siku 8: testosteroni ilipanda. Panya wengine walipewa ile iliyotolewa kwa heksani, kimiminika kinachovuta mafuta ya mzizi, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito, siku 55. Utengenezaji wa mbegu ulisimama! Ulirudi baada ya kuacha kwa siku 55 nyingine. Panya si mtu, na anayetafuna hatumii heksani. Lakini mzizi mmoja umetoa majibu mawili yanayopingana, ndiyo maana simshauri anayetafuta mtoto autafune kila siku miezi na miezi.

Na poda za pakiti zisizo na usajili? Hizo ziacheni. Nyingine huchanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti hushusha presha hadi kuua.

Mwaka ukipita bila mimba, pimweni wote wawili; mke akivuka miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Mume akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, atoe manii kwenye kikopo safi cha maabara. Asitumie kondomu, sabuni wala mate, vinaua au kudhoofisha mbegu. Tone la kwanza likimwagika, waambieni maabara, kwa sababu ndilo lenye mbegu nyingi. Kikopo kikitoka nyumbani, kibebwe karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, rudieni kipimo. Mkianza tiba, ngojeni miezi 3, kwani mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa.